Machungwa ya Zizini

Harufu ya maua ya mchungwa hunishtua mpaka leo, kama mtu aliyeitwa jina lake asimwone mwitaji. Hunirudisha Ibadakuli, kwenye shamba la majaribio ya matunda, vita vya Wazungu vikiwa vimekwisha juzijuzi. Sisi Wasukuma mwenye mji, mkuu wa kaya, tulimzika zizini, katikati ya ng'ombe wake, na guku wangu, babu Shija, alilala hapo. Basi bwana shamba wa Kizungu alipokuja kutafuta udongo mzuri, akauona ule mweusi wa samadi ya zizi letu, akafurahi. Tukahamishwa ng'ambo ya kijito, na juu ya guku ikapandwa michungwa. Baba yangu, Masanja, aliomba waache pale padogo tu. Hakusikilizwa. Akaomba kazi ya kumwagilia, na kila asubuhi, kabla ya kumwaga ndoo ya kwanza, alimwamkia baba yake kwa sauti ya chini.

Michungwa mingine ilidumaa kwa jua. Ile ya zizini ilizaa hadi matawi yakawekewa nguzo. Siku ya kuonja, wafanyakazi wote walificha mikono. Saidi, mnyapara kutoka Tabora, akacheka huku akitafuna: "Masanja, fahali humwogopi, chungwa unaliogopa?"

"Kula tu, ndugu yangu," baba akamjibu. "Ila umshukuru mzee wangu, uko kichwani pake."

Saidi alitema.

Msimu uleule homa ikanishika. Uji nikaukataa, nikawa nalilia chungwa. Mama akasema, "Baba Limi, utamlisha mtoto kaburi? Mla cha mwenziwe na chake huliwa." Baba akatoka, akarudi na chungwa moja. "Nimemwomba," akasema. "Hajakataa mjukuu." Lilikuwa tamu, wee! Homa ikashuka. Lakini tangu hapo, nikipita pale, nilihisi mtu kwenye majani, ananingoja. Nikamwambia baba. "Umekula kwake," akasema. "Nikifa, salamu zake ni juu yako."

Nimemwamkia miaka mingi. Siku hizi wajukuu huniletea machungwa ya Tanga, makubwa, nami nala nikigeukia mlango, kama yuko pale ananingoja. Shamba lilifungwa, michungwa ikawa kuni, nyumba zikajaa. Juzi nimezunguka huko na kidumu changu cha maji, ukuta hadi ukuta. Mwanamke aliyekuwa anafua akaniuliza, "Shikamoo bibi, unamtafuta nani?" Nikaitika marahaba, nikashindwa kumwonyesha pale guku alipolala. Nikarudi na kidumu kimejaa.