Ruhusa Niliyoomba Njia ya Matemwe

Aibu hii ni yangu na siikatai, na kwa kuwa shemeji zangu wakikutana lazima mmoja aseme "hebu tupe ile ya Matemwe", bora niisimulie mwenyewe, maana wao huongeza chumvi.

Kwanza mjue shida yangu. Mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini nilikuwa nakaa Mombasa nyumbani kwa mama mkwe, mimi na mke wangu Maimuna na watoto wetu wawili, na nilikuwa nimepata uhamisho wa kazi kwenda Nakuru. Mama mkwe hakukataa wala hakukubali, alisema tu (kwa kupitia kwa Maimuna, kwani mimi na yeye tulistahiana mno, hatukuwa na mazoea ya kuzungumza) kwamba tutakwenda Unguja kumzuru dada yake, naye huko ataniangalia kama naweza kutunza watoto wa watu ugenini. Dada yake, Bi Tatu, aliolewa Matemwe tangu usichana, hawajaonana miaka na miaka, na kupata karatasi za kuingia kisiwani wakati ule halikuwa jambo dogo.

Tukafika Mjini, tukagongewa mihuri, jamaa mmoja akatuazima motokaa yake ya kijivu. Sasa hapo ndipo nilipojiponza. Kabla ya kuondoka nilikigeuza kile kioo cha ndani kikaelekea juu, kwa adabu tu, mama mkwe amekaa nyuma na sikutaka adhani namchungulia.

Tukapita Mtoni, tukapita Bububu, mimi nikieleza kila kitu kama mwenyeji (nayo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga Unguja), na Adhuhuri ikatukuta Mkokotoni. Nikaegesha mbele ya msikiti nikaingia kuswali. Mama mkwe akakaribishwa nyumba ya jirani, naye aswali. Maimuna alibaki kiti cha mbele na mdogo mapajani, gari lilikuwa limemchafua roho tangu Mahonda, akajifunika uso akalala. Saida, mkubwa wetu, miaka sita, alikuwa nyuma.

Niliporudi nikaona kwa pembeni ya jicho buibui limeshakaa nyuma, ukaya umeshushwa kufunika uso. Sikugeuka, nitageukaje?

"Mama, tuondoke?"

"Naam, twende."

Tukaondoka. Barabara ya kwenda Matemwe ilikuwa mashimo matupu, injini inanguruma, Maimuna anakoroma, nikaona nafasi kama hii haitatokea tena, sasa hivi au basi.

"Baba," Saida akasema, "huyu bibi ananukia karafuu."

"Saida! Bibi yako haitwi 'huyu'."

"Lakini baba..."

"Nyamaza, watu wazima wanazungumza."

Akarudia kutafuna kashata, nami sikujiuliza kashata imetoka wapi.

"Mama," nikasema, macho mbele, "nina neno."

"Sema, mwanangu."

Mwanangu! Miaka saba ya ndoa hajapata kuniita mwanangu, nami badala ya kushtuka nikafurahi. Nikamwaga yote: kwamba Nakuru kuna baridi lakini nyumba ni nzuri na skuli iko karibu, kwamba Maimuna nitamleta kila Ramadhani, kwamba nampenda mke wangu, na kwamba ndani ya nyumba ile ya Mombasa najiona mgeni asiyejua kuaga, hata kikombe cha chai naogopa kujimiminia.

"Mwanangu," akajibu, "mke wako, watoto wako. Wachukue uende nao, Mungu awatangulie. Nani huyo anokuzuia?"

Nikaona huo ndio uungwana, kujifanya hajui. Nilikaribia kulia, nikaendesha hadi Matemwe nikiimba.

Bi Tatu alikuwa barazani na ukoo mzima. Vigelegele vikapigwa, akafungua mlango hata sijazima moto wa gari, akamkumbatia mgeni wake akalia, "Dada'angu, mbona umekonda hivi!" na mgeni naye akalia (mtu akikulilia begani utafanyaje?). Kisha Bi Tatu akaufunua ukaya, na vigelegele vikakatika.

"Huyu nani?"

"Mie Mize," akasema yule bibi, anafuta machozi. "Kwani hapa si Bububu?"

Maimuna akaamka, akatazama nyuma. "Mama yuko wapi?"

Baraza zima likanigeukia. Kumbe mpwa wake Bi Mize alimwambia baada ya swala atakuta motokaa ya kijivu mbele ya msikiti, imfikishe Bububu kwa mjukuu wake aliyejifungua, naye katika maisha yake alikuwa hajapanda motokaa ila mara mbili, njia angeijulia wapi?

"Mimi nilitaka kukwambia," Saida akasema.

Tukarudi mbio, Bi Tatu naye ndani, Maimuna analia, Bi Mize ananibembeleza mimi. Mama mkwe tulimkuta kwenye kiti mbele ya msikiti, watu wamemzunguka, amepewa kahawa. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Kabla sijafungua mdomo Bi Mize akashuka.

"Dada, usimgombeze kijana, ana dhiki. Mkwewe hataki kumpa ruhusa, lakini mie nshampa."

"Ruhusa gani?" mama mkwe akauliza.

Akamweleza neno kwa neno, mbele ya Mkokotoni nzima, mpaka ile ya kikombe cha chai. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe.

"Kumbe unaweza kusema," akasema, na hakuongeza neno mpaka Mombasa.

Tangu siku ile sijapata kumwomba mtu jambo bila kumtazama usoni, na nikiambiwa sina adabu, potelea mbali.

Siku ya kuondoka kwenda Nakuru nilihesabu masanduku yetu mlangoni, nikakuta moja limezidi. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yake, amevaa tayari.

"Mtu mzima na akili zangu umenisahau Mkokotoni mchana kweupe," akaniambia, mwenyewe, si kwa kupitia kwa Maimuna. "Nikuachie wajukuu zangu peke yako?"

Alikaa nasi Nakuru miaka kumi na moja, na siku alipofariki nililia mbele za watu bila kuona haya.