Akua Fobi Aliyeuza Kimya

Wifi yangu Akua Fobi hajui kununua kitu kimoja. Mtume nyanya, atarudi na kapu zima, na njiani atakuwa amemnunulia mtoto wa watu biskuti. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake cha mbao karibu na stendi ya mji wetu, Mampong, na kila Desemba pesa humfuata yenyewe, maana nani anataka kuonekana kanisani Krismasi na nguo ya mwaka jana? Lakini mwaka mpya ukifika, pesa imeshatokea mlango ule ule ilioingilia. Mumewe, kaka yangu Kwabena, si afadhali. Yeye huchomelea mageti, na akilipwa geti moja huwanywesha watu wa mageti matatu. Nimekaa nao ua mmoja miaka mingi nikila kuku wao wa Krismasi, kwa hiyo sina haki ya kuwasema. Ila nawasema.

Basi nusura nianguke na beseni langu la vyombo siku ile mwanzoni mwa Januari, Akua alipotoka chumbani na kututangazia kwamba nyumba yake hainunui kitu mwezi mzima.

"Kitu gani?" nikamuuliza.

"Kitu chochote ambacho hatutakufa tukikikosa, wifi."

"Wewe? Wewe ambaye juzi ulimnunulia mbuzi wa jirani kamba mpya?"

"Cheka. Ukimaliza kucheka, na wewe usije kuniomba sukari."

Nilijua kilichomsukuma. Binti yake, Tiwaa, alikuwa amepata nafasi ya shule ya bweni, na alitakiwa kuripoti Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwetu mtoto haendi bweni na begi tu. Huenda na sanduku la bati la nguo, godoro, na sanduku la mbao la chakula, lenye kufuli. Humo ndani kuna gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa, kuna shito, pilipili nyeusi iliyopikwa na samaki mkavu, kuna sukari, maziwa na karanga. Chakula cha shule kikiwa kidogo, na huwa kidogo, mtoto anafungua sanduku lake. Akua naye aliwahi kufaulu hivyo hivyo, akaenda bweni na sanduku ambalo likitikiswa linalia kwa utupu. Chakula kilipokwisha akawa anapita kitanda kwa kitanda kuomba kijiko cha gari, mpaka wasichana wakamwita Kijiko. Hata muhula haukuisha, akarudi nyumbani, na habari ya shule ikaishia hapo. Aliniambia hayo mara moja tu, akiwa ameinamia cherehani ili nisimwone uso.

"Tiwaa hataitwa jina," alisema.

Basi mwezi ukaanza, na jamani, sijapata kuona mwezi kama ule. Mkate wa asubuhi ulipigwa marufuku, tukawa tunakunywa uji, na mkate ukageuka makopo ya maziwa ndani ya sanduku. Maji ya pakiti yaliisha, tukachota ya bomba tukayaweka mtungini. Kusuka nywele saluni kulikoma, nikawasuka mimi, vibaya kidogo. Kwabena alitembea kwa miguu hadi karakana, na teksi yake ikawa sukari. Jumamosi moja ya msiba wa ukoo, familia ilipochagua kitambaa kipya cha kuvaa wafiwa, Akua alikwenda na cheusi chake cha zamani, akatoa mkono wake wa rambirambi kama mtu mzima, na shangazi mmoja alipomtazama juu mpaka chini alimjibu, "Aliyekufa hatakagua mshono wangu, shangazi." Nilicheka mpaka nikasahau nimekwenda kulia.

Kila jioni tulifungua lile sanduku kutazama. Si kuhesabu, kutazama tu. Haba na haba hujaza kibaba, hilo tunalisema tangu tukiwa wadogo, lakini kuliona kwa macho ni raha nyingine. Mimi nisiye na mtoto wa kupeleka shule nilikuwa naamka na hamu, nikijiuliza leo tutakosa nini.

Kisha Kombe la Afrika likaanza, na siku hiyo hiyo dishi la Kwabena likakatwa kwa kutolipiwa.

"Mama Tiwaa," alisema kaka yangu kwa sauti ya mgonjwa, "runinga inaonyesha maandishi tu."

"Nimeyasoma."

"Timu inacheza kesho."

"Ikicheza vizuri tutasikia."

"Mpira unatazamwa, hausikilizwi."

"Wewe ukiutazama kwa Adomako unautazama na chupa sita. Chagua, baba Tiwaa. Mpira au sukari ya mwanao."

Adomako ndiye mwenye baa nyuma ya ukuta wetu. Ana runinga pana kama mlango, na asiyenunua kinywaji hakai. Kwabena alitazama ukuta ule kwa uchungu mpaka nikamhurumia, nikamletea redio yangu ya betri.

Mtangazaji wa stesheni yetu hutangaza mpira kwa Kitwi, lugha yetu, kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na bado anaona raha. Kipindi cha kwanza hakijaisha, tukafunga. Tukaruka, Kwabena akapiga ukelele wa kuamsha kuku, Tiwaa akapiga sufuria. Halafu tukanyamaza, maana kulikuwa na jambo la ajabu. Huko baa kulikuwa kimya. Tukapumua mara mbili, mara tatu, ndipo baa nzima ikalipuka.

Tukatazamana.

"Wamechelewa," alisema Tiwaa.

Kwabena akakuna kichwa, kisha uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Picha yao inapanda kwanza angani, inazunguka huko, ndipo inashuka kwenye dishi. Redio inatoka mnara ule pale. Jamani, sisi wa bure ndio tunajua kwanza."

Ebo, unadhani alinyamaza tena? Mechi ya pili alikaa na mgongo kwenye ukuta na kila goli alilitangaza kama mjumbe wa chifu. Upande wa pili watu wakaanza kuacha kutazama runinga. Tuliwasikia. "Ngoja, ukuta umesema goli." "Ukuta umeguna, ametoa nje huyo." Wengine waliona ya nini kununua kinywaji, wakaja kuchuchumaa nje ya geti letu wakisikiliza bure.

Kesho yake Adomako mwenyewe alibisha hodi. Mtu mnene, mpole, anayefuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi.

"Fundi," alimwambia Akua, "mnaniua. Mtu anajua goli kabla halijafungwa, atakunywa kwa hamu gani?"

"Pole, jirani. Redio naweza kuipunguza. Mdomo wa mume wangu ndio hauna kitufe."

"Mechi ya tatu ni ya kufa au kupona. Wateja watajaa. Naomba kimya tu. Nitawaletea kreti la soda."

Kwabena akainua kichwa. Akua akamtazama, kikashuka.

"Nyumba hii hainywi soda Januari," alisema Akua. Halafu mimi ninayemjua nikaona jicho lake likienda chumbani, kwenye sanduku. Lilikuwa limejaa. Kilichobaki ni godoro, na pesa ya godoro haikuwepo, hata tungekunywa uji mara tatu kwa siku. Alikuwa ameanza kushona viraka vya kumtandikia mwanawe. "Ninauza kimya," alisema. "Bei yake ni godoro la mwanafunzi."

"Godoro?"

"Jipya. Firimbi ya kwanza hadi ya mwisho hutasikia hata kikohozi. Ukisikia sauti moja, hunidai na sikudai."

Adomako alifuta jasho, akatoa mkono. Aliomba jambo moja tu, wateja wake wasijue kwamba analipa watu wasishangilie timu ya taifa.

Alipoondoka, Kwabena alisema, "Umeuza koo langu bila kuniuliza."

"Nimekuuliza sasa."

Alifikiri. "Basi nipe taulo," akasema.

Mechi ilikuwa ya jioni, jua likiwa bado kali. Tulijifungia chumbani wanne, redio ikinong'ona. Kwabena aliuma taulo, mimi nikauma ncha ya kilemba changu, Tiwaa akaweka uso ndani ya mto. Akua, ambaye hata kuotea hakujui, alisimama mlangoni kutulinda. Dakika zikaenda, hakuna goli, na mtangazaji alikuwa anatuua polepole. Mpira uligonga mwamba, macho ya kaka yangu yakajaa machozi, asitoe sauti. Mimi nilishikwa na hofu. Sikuwa nahofia timu. Nilikuwa nahofia godoro.

Dakika za mwisho kabisa tukapewa penalti.

Akua akaja akambana mumewe mdomo kwa mikono yote miwili juu ya lile taulo. Mtangazaji akasema mpigaji anarudi nyuma, anarudi, anakimbia, na akafunga. Tumeshinda. Mungu wangu, tumeshinda, na chumba kile kilitulia tuli kama maji ya mtungini. Kwabena alianguka kitandani akarusha miguu hewani. Tiwaa alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kufurahi vile maishani, na hakuna aliyenisikia.

Yaliyotokea baa tulihadithiwa baadaye na waliokuwepo. Kwenye runinga mpigaji ndiyo kwanza alikuwa anaweka mpira chini. Na baa nzima, watu wazima na akili zao, hawakumtazama. Walikuwa wamegeukia ukuta wetu.

Ukuta haukusema kitu.

"Amekosa," alisema mmoja.

"Amekosa. Kwabena angeshalia." Wakaanza kusimama, wakisonya, wakimtukana kocha. Adomako aliwasihi wakae, subirini jamani, subirini, lakini sababu angeitoa wapi? Wengine walikuwa wanaondoka bila kulipa, akalazimika kuwakimbilia mlangoni. Hivyo penalti ilipofungwa kwenye runinga pana kama mlango, waliokuwa wakiitazama walikuwa viti.

Mji mzima ulipolipuka, wakarudi mbio, wakaona wachezaji wakikumbatiana.

Adomako alikuja kwetu leso ikiwa imelowa.

"Fundi, kimya chako kimeniharibia biashara kuliko kelele."

"Uliomba kimya. Ulisikia chochote?"

"Sikusikia chochote. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi, jirani."

Alimtazama, akamtazama Kwabena aliyekuwa bado anatoa nyuzi za taulo kwenye meno, na mwili wake wote mnene ukaanza kutikisika kwa kicheko. Asubuhi alileta godoro, amelibeba mwenyewe kichwani. "Mechi ijayo," alisema akilishusha, "tafadhalini pigeni kelele."

"Hiyo ni bei nyingine," alijibu Akua.

Jumamosi tulimsindikiza Tiwaa stendi. Mpakiaji mizigo, kijana wa mabega mapana, alilishika lile sanduku la mbao kwa mkono mmoja kama alivyoshika mengine, akavuta, halikuinuka. Akalishika kwa miwili, likanyanyuka kidogo, likamrudisha chini. Akamwita mwenzake.

"Mama, umeweka mawe humu?"

Akua alicheka. Mdomo ulikuwa unamcheza, na machozi yanamtoka. Wawili wale walijitutumua, wakalifikisha usawa wa kifua, wakawa wanataka kulitupia juu ya basi.

"Hebu liwekeni chini," Akua aliwaambia. "Mlinyanyue tena."