Klasi Isiyojua "Masaa"

Hadi leo nikiyakumbuka mayai yale, hasira hunipanda.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mradi mmoja wa kuku karibu na Khayega ulituajiri, mimi na mwenzangu kutoka Nairobi, tuuandikie programu ya kupanga kazi za mashine ya kuangulia mayai. Tuliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta. Katika klasi moja, yaani kipande cha programu, niliweka thabiti tatu za muda, vipimo visivyobadilika: DAKIKA, SAA na SIKU. Mwenzangu akaandika sehemu ya kuzitafuta kwa jina. Ukiandika "saa", klasi inakurudishia SAA.

"Na jina lisipopatikana?" nilimuuliza.

"Itarudisha SIKU. Siwezi kuiacha ikwame mbele ya wateja."

"Heri ikwame."

Alicheka. Nami nikachoka kubishana, nikauacha mstari wake ulivyo.

Mashine ilitunzwa na mama mmoja mjane, aliyejua kuku kuliko sisi sote. Siku ya kwanza aliandika kama anavyosema: geuza mayai kila "masaa" manne. Klasi haikulijua neno hilo, na haikulalamika. Ratiba ikachapwa: kila siku nne.

Mimi nilikuwa Kakamega mjini wiki hiyo. Mama akampelekea mwenzangu karatasi.

"Nilimwambia mimi nageuzanga mara sita kwa siku," alinisimulia baadaye. "Akasema kompyuta haikosei, nifuate karatasi."

Kwa kukosa kugeuzwa mara kwa mara, vifaranga walifia ndani ya maganda. Mama aliyapasua mayai moja moja, akitafuta hata mmoja aliye hai.

Katika kikao cha kujadili hasara hiyo, mwenzangu alimwambia meneja wa mradi, "Shida ni Kiswahili cha huku. Neno sanifu ni saa."

Nilisimama. "Asubuhi wewe mwenyewe umesema tumebakiwa na masaa mawili!"

Nikafungua programu, nikamwonyesha meneja mstari wenyewe. Aliutazama kama mtu anayetazama ukuta. Mama akahamishiwa kufagia mabanda. Mwenzangu akapewa kazi nyingine, kubwa zaidi.

Siku hiyohiyo niliufuta ule mstari. Jina lisipopatikana, programu isimame na kusema: "Sijui kipimo hiki." Nikaongeza na "masaa". Kisha nikamfuata mama bandani kumwomba radhi.

Hakuacha kufagia. "Mwanangu, wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Basi nipishe hapo nifagie."