Kapu la Bingwa

Ofisini tulimwita Bingwa, jina alilojipa mwenyewe. Alitunza programu ya kusaka hitilafu za programu nyingine, nayo ilijaa vigeu vya wote, yaani taarifa ambazo sehemu yoyote ya programu huweza kuzibadilisha. Vilikuwa mia tatu na kumi na viwili. Mkuu wa ofisi alimwahidi ukuu wa kitengo iwapo angevipunguza.

Kazi ya haki ni kuvitoa kimoja kimoja na kukabidhi kila kimoja kwa sehemu inayokihitaji. Bingwa, mvivu wa kutupwa, alivisomba vyote akavitia katika kapu moja, kisha akaliacha wazi kwa wote, nalo likahesabiwa kigeu kimoja.

“Mkuu, kimebaki kimoja tu!” akatamba.

Mama wa meza ya dirishani, fundi mkongwe kutuzidi sote, akafungua programu mbili azichunguze kwa pamoja kwa kutumia ile ya Bingwa. Akaisimamisha ya kwanza. Na ya pili ikasimama, maana zote mbili zilichota kapuni mle mle.

“Mwanangu, nguo chafu umezifua au umezifunga furushi?”

“Mama, si hesabu imeshuka?”

“Imeshuka, baba. Teremka nayo.”

Mkuu akaichana barua ya cheo. Bingwa sasa anavitoa kimoja kimoja, yuko kwenye kigeu cha tisa, na bado anasema alionewa.