Pikipiki Yote Iwe Tayari

Kabla ya kuingiza pikipiki kwenye uwanja wa mbio unafungua vioo vyote viwili vya pembeni na kuviondoa, unafunika taa kwa tepu ili zikipasuka vipande visimwagike njiani, unaondoa stendi, kisha unapitisha waya kwenye boliti ya kumwagia oili ili isilegee kwa mtetemo. Haya niliyajua miaka mingi kabla ya kuyafanya. Niliyasoma katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokiokota kwenye fungu la vitabu vya shule sokoni Jabe. Nilikinakili kwa Kiswahili kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu jambo siamini kuwa nimelielewa mpaka nimelihamisha lugha.

Mimi ni fundi wa pikipiki, mtaa wa Mutakura. Shule niliiacha darasa la sita. Injini nilijifundisha, Kifaransa nilijifundisha, na Kiswahili cha vitabuni pia. Kile tulichokulia ni cha hapa mjini Buja, ndugu wa Kiswahili cha Uvira, ng'ambo ya mpaka: mutu, mutoto, apana. Nilipofika miaka thelathini nilikiona hakinitoshi. Nilitafuta kamusi na kitabu cha sarufi, nikazipanga ngeli kichwani kama ninavyopanga spana kwa namba. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Uvira, hakuwahi kunisamehe.

"Nguo yote imekauka," aliniambia siku moja akiwa uani.

"Nguo zote zimekauka."

"Basi enda uzianue wewe, mwalimu. Mi yangu ilikauka yenyewe, bila kitabu."

Miongoni mwa wateja wangu alikuwapo mkuu wa duka moja la vifaa vya ujenzi, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, asiyechelewa kulipa. Yeye na wenzake wanane walikuwa na pikipiki za starehe, zile ambazo mtu anaziendesha Jumapili tu. Mwaka huo walipata ruhusa ya kutumia uwanja wa lami wa kiwanda kimoja kilichoacha kazi, kwenye njia ya kwenda Gatumba, mpakani. Geti lingefungwa, kona zingeonyeshwa kwa vidumu vilivyojazwa mchanga, na watu wangekimbia kwa zamu za dakika ishirini, bila magari, bila polisi, bila mashimo. Wenyewe waliita mahali hapo piste.

Kiangazi kilipoanza alisimama mbele ya karakana yangu. Hakuzima injini.

"Fundi, Jumapili ya mwisho wa mwezi tuko na piste."

"Nimesikia, shefu."

"Pikipiki yote iwe tayari. Freni, pneu, kila kitu. Na we utakuwa na sisi siku muzima."

"Na mimi?"

"Bila we itakuwa namna gani?"

Akaondoka. Nilibaki na kitambaa mkononi, nikihamisha kichwani freni kuwa breki na pneu kuwa tairi. Nilikuwa nimealikwa.

Nyuma ya karakana nilikuwa na pikipiki yangu mwenyewe, yenye injini ya cc mia mbili na hamsini, niliyoiunda kwa miaka miwili kutoka mbili zilizokufa. Sikuwahi kuifungulia mafuta hadi mwisho. Mjini hakuna mahali pa kuifungulia: katikati ya mji pikipiki zilishazuiwa kuingia, na huku kwetu kila mita mia kuna mtoto, mbuzi au mtaro. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, nimetengeneza pikipiki kwa zaidi ya nusu ya umri huo, na kila moja niliijaribu kwa gia ya tatu tu, hadi kwenye duka la kona na kurudi. Nilitaka dakika ishirini. Nilitaka kujua kama yale yaliyomo kwenye daftari yangeweza pia kuwamo mwilini mwangu.

Nilikuwa na majuma manne, nikayagawanya. Juma la kwanza lilikuwa la breki: pedi mpya, mafuta mapya, na hewa yote kutolewa. La pili lilikuwa la magurudumu na mnyororo. La tatu nilikwenda kupima uwanja. Mlinzi wa kiwanda alinifungulia nilipomwambia niko na watu wa piste. Nilihesabu hatua mia moja na themanini upande mrefu, sitini na nne upande mfupi. Kona ya pili ilikuwa na mchanga uliosombwa na mvua, na baada yake doa la oili la zamani. Nilipiga magoti nikaligusa; lilikuwa limekauka. Nilichora yote, nikaweka alama mahali pa kuanza kufunga breki, mahali pa kuinama, mahali pa kufungua mafuta tena. Mlinzi alikuwa akinitazama tu.

"Mzee, munatafuta nini hapa chini?"

"Njia."

"Si ndiyo hii, munakanyaga?"

Jioni nilikaa juu ya pikipiki ikiwa imesimama juu ya vitalu vya mbao, nikajizoeza kuuhamisha mwili: tako moja nje, goti nje, kichwa kikitazama mwisho wa kona. Mke wangu alishonea magoti ya suruali yangu nene vipande vya ngozi alivyokata kwenye koti la mtumba. Alishona vizuri, lakini mdomo haukunyamaza.

"Mzee, ukikufa nitaambia watu nini? Kimekuua nini?"

"Kona."

"Kona ya nani?"

"Yangu, kama nimekosea hesabu."

"Basi nitasema hesabu ndiyo imemuua. Watalia sana."

Usiku ule ule, hata hivyo, aliniuliza kama kaske yangu, ile kofia ngumu, haijapasuka ndani, akaigongagonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

Juma la nne lilikuwa la petroli. Vituoni hapakuwa na kitu. Magari yalilala kwenye foleni. Nilikwenda Gatumba kwa baiskeli, nikanunua lita nane kwa mama mmoja anayevusha vidumu kutoka ng'ambo. Petroli ya namna hiyo ina maji. Niliiacha itulie siku mbili, nikaichuja kwa kitambaa mara mbili, nikaacha robo lita ya chini na kuimwaga.

Wale wenzake wanane wa mkuu wa duka nao nilikuwa nikiwangojea walete zao. Watano walikuja wakati wao wa kawaida kubadilisha oili, na nikabadilisha oili. Hawakusema zaidi, nami sikuuliza. Nilidhani kila mmoja anaandaa yake kwa namna yake, kama mimi.

Jumapili nilitoka saa moja asubuhi. Watu walikuwa wakienda kanisani, nguo zao zimepigwa pasi. Niliendesha polepole ili tairi zisichakae bure, vioo vimefunguliwa, taa zimefunikwa tepu nyeupe, na wanawake wawili wazee barabarani walifikiri pikipiki yangu imeumia wakanipa pole.

Mlinzi aliponiona alinionyesha ukuta wa pembeni, palipokuwa na meza, ndoo ya maji na matambara. Nilidhani hapo ndipo pa kupumzikia. Baada ya nusu saa wakafika wote pamoja, pikipiki tisa zinazong'aa, na vioo vyao, na taa zao wazi, na stendi zinaning'inia. Mteja wangu alishuka, akazunguka yake na za wenzake, kisha akaja kwangu. Hakukasirika. Alishangaa.

"Fundi, sasa hii ni nini? Hakuna yenye iko tayari."

"Yangu iko tayari."

"Yako, naona. Na ingine?" Alionyesha zile tisa kwa mkono mmoja. "Wenye walipita kwako uliwabadilishia oili tu, na sisi ingine tulingoja utuite. Mi si nilikuambia pikipiki yote?"

Hapo ndipo nilipoielewa sentensi yake, majuma manne baada ya kuisikia. Katika kitabu cha sarufi, pikipiki yote ni pikipiki moja, nzima, kuanzia tairi ya mbele hadi ya nyuma. Zikiwa nyingi ni zote. Mtu wa Buja hasemi zote. Anasema nguo yote, watu yote, pikipiki yote, na maana yake ni kila iliyopo. Hiyo ndiyo lugha iliyonilea. Mtoto yeyote wa Jabe angeelewa alichosema yule mtu. Mimi niliyejifunza nilisikia kile ambacho kitabu kiliniruhusu kusikia, na kitabu kiliniruhusu kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia.

Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yenyewe yalikuwa machache: shefu, nilidhani umenialika kukimbia. Wangecheka kidogo, na nafikiri wangenipa zamu. Nilisema, "Dakika arobaini, shefu," nikachukua tepu.

Nilifungua vioo kumi na vinane. Nilifunika taa, nilifunga stendi kwa waya, nilikagua breki za watu ambao hawakujua pedi zao zimekwisha. Wawili niliwakataza kuingia mpaka nibadilishe, wakatii kama wanafunzi. Waliniita fundi kwa heshima ya kweli. Mmoja aliniletea soda baridi, akaifungua mwenyewe kabla ya kunipa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na grisi.

Wakaanza kukimbia. Nilisimama kando ya ukuta, na kwa kuwa nilikuwa nimeupima uwanja ule kwa miguu yangu, niliona kila kosa. Walifunga breki mapema mno upande mrefu, wakazifungua katikati ya kona, wakakanyaga mchanga wa kona ya pili. Hakuna aliyetazama mwisho wa kona. Walitazama gurudumu lao. Na hata hivyo walirudi wakiwa na nyuso za watu waliotoka kuoga, wanaongea wote kwa pamoja, na mimi sikuwa na la kuongeza kwenye mazungumzo yao isipokuwa shinikizo la tairi.

Nilijiambia kwamba zamu ya mwisho ningeiomba. Niliweka kaske juu ya tangi la pikipiki yangu ili ionekane. Saa tano na nusu, zikiwa zimebaki zamu mbili, mmoja wao aliteleza kwenye ule mchanga. Hakuumia; alisimama akijipangusa, akicheka kwa aibu. Pikipiki yake ilikuwa imevunjika mkono wa breki ya mbele, umebaki kipande cha urefu wa kidole gumba. Tuliisukuma hadi kwenye meza.

"Imekwisha kwangu," alisema yule aliyeanguka. "Mi narudi nyumbani."

Mteja wangu alitazama mkono uliovunjika, kisha akatazama pikipiki yangu ukutani. Ilikuwa ya aina ileile. Uso wake ulifunguka, na niliona kwamba tangu asubuhi alikuwa akijiuliza kwa nini nimeileta, na sasa amepata jibu.

"Munaona huyu mzee?" aliwaambia wenzake. "Ameleta hata pikipiki ya kutolea piesi. Mi niliwaambia, huyu mutu anafikiria mbali. Fundi, chomoa kwa yako umuwekee."

Wote walinitazama kwa shukrani. Yule aliyeanguka alinishika bega.

Ni boliti moja, ya namba kumi. Nilikuwa nimeipaka grisi mwenyewe juma la kwanza, kwa hiyo ilifunguka bila kelele. Niliondoa kaske juu ya tangi, nikaiweka chini ili isinizuie. Nilitoa mkono wa breki, nikaufunga kwenye pikipiki ya yule bwana, nikapima kwa kidole mchezo wake kabla breki haijashika: milimita tatu, kama inavyotakiwa. Nikamwambia kwenye kona ya pili apite ndani zaidi, kushoto kwa doa. Alifanya hivyo. Alipita vizuri.

Geti lilipofunguliwa mteja wangu alinifuata akiwa amevua glavu. Alinipa mkono wake, akaushika wangu kwa yote miwili.

"Ule mukono wa freni tutaurudisha kesho, mupya. Na asante sana, mzee. Siku moja na we ujaribu kukimbia. Huwezi kujua namna gani iko tamu."

"Ndiyo, shefu," nilisema.

Walitaka kunipakia kwenye gari la mizigo, nikawaambia ninapitia kwa ndugu. Sina ndugu upande ule. Pikipiki isiyo na breki ya mbele mtu mwangalifu haiendeshi, kwa hiyo niliisukuma hadi Mutakura, zaidi ya saa mbili za jua, tangi limejaa petroli.

Mkono mpya uliletwa Jumatatu, kama alivyosema, wa hali bora kuliko ule wa kwanza. Nimejaribu kutafuta kosa la yule mtu kama ninavyotafuta kinachogonga ndani ya injini, kipande baada ya kipande, na sijaliona. Alisema alichosema kwa lugha ya mji wetu. Alinishukuru mbele ya watu. Hilo ndilo nisiloweza kumsamehe.

Jumapili ile mke wangu alikuwa mlangoni nilipofika. Aliutazama usukani uliopungukiwa, akanitazama suruali, akasogea nipitishe pikipiki.

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Ulikimbia?"

Nilimweleza yote, tangu lile neno hadi ile boliti. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilitegemea acheke, alikuwa na haki ya kucheka kwa miaka ishirini. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemrekebisha mgeni, kwamba kama ningemuuliza yeye usiku wa siku ile niliyoambiwa, angeniambia maana yake.

Nikamjibu kwamba ndiyo maana sikumuuliza.