Unga wa Kwanza wa Kinu Changu

Nakumbuka siku moja alasiri, nimeketi na rafiki yangu Nyabuto juu ya rundo la mbao kando ya kinu changu cha maji, tukiandika majina ya watu wa kualikwa siku ya kukifungua. Nyabuto alikuwa karani mjini Kisii, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nilipomtajia mjomba wangu Ombasa na majirani waliochimba mfereji wake, kalamu ilisimama.

"Hao watataka pombe ya wimbi," akasema. "Wewe ni mtu wa kanisa. Utawapa pombe mbele ya mchungaji? Andaa chai ya watu wenye heshima. Hao wengine utawashukuru siku nyingine."

Nikasema, "Sawa."

Mwanangu, wewe uliyefungua biashara yako juzi na kuniomba nikuandikie maneno mawili matatu, neno hilo "sawa" ndilo ninalotaka ulisikie. Hakuna aliyenishika mkono nilipolisema. Ningeweza kusema hapana, na ingenichukua muda ule ule.

Kinu kile kilikuwa chini ya vilima vya Magwagwa, kwenye kijito kinachoshuka kwa kasi. Siku hizo, kabla ya vita kuu ya pili, wanawake wengi wa kwetu bado walisaga wimbi, ule ulezi mwekundu, kwa mkono, wamepiga magoti mbele ya jiwe. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, jambo la nadra wakati huo, na shuleni nilikuwa nimeona mchoro wa kinu kinachozungushwa na maji. Nilirudi nyumbani na mchoro huo kichwani. Kila mtu aliusifu, lakini mtu aliyejua namna ya kuugeuza kuwa kinu alikuwa mmoja tu, mjomba Ombasa, ndugu ya mama yangu, aliyeishi ng'ambo ya kijito. Hakuwa amekaa darasani hata siku moja.

Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitembea mlimani wiki nzima akigonga majabali kwa nyundo na kusikiliza, mpaka akapata jiwe alilolipenda. "Hili halitatapika mchanga ndani ya uji," aliniambia. Alilichonga likawa mawe mawili ya mviringo, la chini lisilotembea na la juu la kuzunguka, kisha akayakata mistari midogo usoni. Mistari hiyo tuliiita meno, maana ndiyo inayouma nafaka. Kazi hiyo ilimchukua msimu mzima. Kila nilipopita aliniita, "Bwana Msomi! Njoo uone kitu ambacho hakimo kwenye daftari lako!" Nami nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Yeye ndiye pia aliyewaita majirani kwenye risaga. Labda wewe hukuiona risaga ya zamani. Majirani walikusanyika kumfanyia mmoja wao kazi, bila mshahara, na mwenye kazi aliwalisha walipomaliza. Watu walichimba mfereji wangu wakiwa ndani ya maji baridi mpaka magotini, na mjomba alikuwa mbele yao akiwatania. "Chimbeni, chimbeni! Mkichoka, Bwana Msomi atawasomea kitabu!" Nakumbuka jambo moja alilorudia mara nyingi. "Mimi sitaki kitu," alisema, "ila unga wa kwanza kutoka kwenye mawe haya nitauonja mimi. Nitaulamba mpaka puani." Watu walicheka. Mimi niliitikia, "Ni wako, mjomba." Niliitikia mbele ya wote.

Siku ya kufungua ilifika. Nyabuto alileta mikate kutoka mjini, na vikombe vya kuazima. Mchungaji alikuja, walimu wawili walikuja, na karani mmoja aliyefanya kazi na Nyabuto alikuja kwa baiskeli. Pia alikuja Mzee Athumani, mfanyabiashara Mwislamu wa mjini Kisii, aliyenitafutia mhimili wa chuma wa gurudumu. Niliwapanga kwenye viti mbele ya kinu, nikavaa tai. Mchungaji akaomba. Nikafungua maji, gurudumu likageuka, jiwe likaanza kunguruma, na unga wa wimbi ukaanza kudondoka mwekundu ndani ya sanduku. Watu wakapiga makofi. Moyo wangu ulijaa, siwezi kukuficha. Kijana wa umri wangu, na kitu kinachofanya kazi kwa jina langu!

Hapo ndipo nilipomwona mjomba kwenye daraja la miti la kuvukia kijito. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hakualikwa, maana kijijini hakuna aliyewaza kwamba mtu kama yeye angehitaji kualikwa. Alikuwa amevaa koti lake jeusi, lile la harusi yake, ambalo sasa lilimbana mabegani. Kwapani alishika kikapu kidogo cha wimbi kutoka shambani kwake. Nyuma yake walikuwa wachimbaji watano au sita, wamenawa, wamevaa mashati safi.

Nyabuto alienda kuwapokea kabla yangu. Nilimsikia vizuri. "Leo ni siku ya wageni, mzee. Kusaga kunaanza kesho."

Mjomba alinitazama mimi, juu ya bega la Nyabuto, akingoja niseme neno. Mwanangu, nilichofanya ni kuinama na kurekebisha gunia ambalo halikuhitaji kurekebishwa. Nilipoinuka, walikuwa wamegeuka. Koti jeusi lilikuwa la mwisho kuvuka daraja.

Tulipokuwa tukinywa chai, Mzee Athumani alipitisha kiganja juu ya kipande cha jiwe la majaribio kilichobaki pembeni. "Maashallah," akasema. "Fundi wa kazi hii yuko wapi, nimshike mkono?"

"Ni fundi mmoja tu wa huku," nikajibu.

"Fundi mmoja tu," alirudia polepole. Alikitazama kikombe chake, akakiweka chini kabla ya kukimaliza.

Unga wa kwanza tuliugawa kwenye mifuko ya karatasi, wageni wakaenda nao mjini.

Usidhani mjomba alinigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulipokutana njiani alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mke wangu Moraa, akauliza ng'ombe. Lakini hakuniita tena Bwana Msomi. Aliniita kwa jina langu, kama anavyomwita mtu wa mbali. Na kikapu chake cha wimbi hakikufika kinuni. Wanawake walikuja kutoka vijiji vitatu, wakanipigia vigelegele, lakini kila asubuhi kutoka ng'ambo nilisikia jiwe la mke wake likisugua nafaka kwa mkono, shwa, shwa, shwa. Sauti ile ilipita juu ya ngurumo ya kinu changu. Moraa aliniambia, "Nenda ukamwone." Nikasema nitaenda. Nilikuwa na kazi nyingi. Ilikuwa hivyo miaka sita.

Wakati huo wote meno ya mawe yalikuwa yakiisha. Mawe ya kusagia lazima yachongwe upya mara kwa mara, na nilimleta fundi mwingine, akayapiga hovyo. Unga ukawa unatoka moto na mzito, wanawake wakaanza kuguna. Hata hivyo sikuvuka daraja. Niliona haya, na haya yangu niliipa jina la shughuli.

Kisha asubuhi moja nilikuwa nazibua mfereji upande wa juu, mahali ambapo ua wa mjomba unaonekana. Jiwe la mkono lilikuwa likisugua, lakini polepole, linasimama, linaanza tena. Nilipoinua macho nilimwona mjomba mwenyewe amepiga magoti, anasaga. Mkewe alikuwa amekaa akiegemea ukuta, mkono wake mmoja umefungwa kitambaa kifuani. Kwetu mwanamume kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia ni kichekesho cha kijiji kizima. Na mzee yule, aliyechonga mawe ya kusagia wimbi la vijiji vitatu, alichagua kichekesho hicho kuliko kuvuka daraja la miti lenye hatua kumi.

Niliacha jembe palepale. Nilichukua wimbi bora nililokuwa nalo, nikasaga, nikamwita Moraa, tukavuka na unga ungali na joto.

Nilisimama uani nikaanza maneno niliyoyatunga njiani. Nilisema nilikosea, nilisema niliogopa habari ya pombe, mimi ni mtu wa kanisa, na watu wa risaga wamezoea...

"Nani alikuomba pombe?" mjomba akanikatiza, bado yuko magotini. "Nitajie mmoja. Tulitaka uji. Uji wa unga wa kinu tulichokijenga! Tungekunywa kikombe kimoja kimoja, tukakusifu, tukaenda nyumbani."

Moraa alikwisha kuingia jikoni kwa mke wa mjomba bila kuuliza mtu. Uji ulipokuja, mjomba aliupuliza muda mrefu, akanywa, akasikilizia kwenye ulimi.

"Ni mtamu," akasema. "Lakini si ule wa kwanza. Ule wa kwanza waliunywa watu ambao siku hizi hata njia ya hapa hawaijui." Kisha akajipangusa mdomo, na jicho lake likarudi kama zamani. "Na mawe yako yanalia, Bwana Msomi. Nimeyasikia kutoka hapa mwaka mzima. Nani huyo aliyeyachonga, mwashi au adui yako?"

Nilicheka huku nalia. Mke wa mjomba naye akacheka mpaka akaushika mkono wake mgonjwa.

Wiki iliyofuata alivuka na nyundo yake. Niliwaita wachimbaji wa mfereji, wale waliokuwapo, maana wengine walikuwa vitani na wengine mashamba ya chai ya Kericho. Tuliweka sufuria kubwa la uji mbele ya kinu. Hakukuwa na tai wala vikombe vya kuazima. Nilisimama nikamtaja kila mmoja na kazi aliyofanya, hata wasiokuwapo, na hiyo ndiyo sherehe ya kweli ya kinu changu, miaka sita baada ya wakati wake. Mjomba alichonga jiwe la juu mpaka jua likamchoma. Akasema mkono umechoka, la chini atalichonga baada ya mavuno.

Mavuno hayakumkuta. Alizikwa kwenye lile koti jeusi. Jiwe la chini lilibaki bila meno mapya mpaka siku kinu cha injini kilipofika sokoni na changu kikanyamaza.

Basi nasaha yangu ni hii. Biashara yako ikipiga hatua, sherehekea. Usimsikilize anayesema kufurahia jasho lako ni majivuno, maana furaha isiyosherehekewa siku yake huchacha. Lakini kabla ya kuandika majina ya unaotaka wakujue, waandike wanaokujua tayari, waliosimama kwenye maji baridi kwa ajili yako. Wape cha kwanza, si masalio. Wataje kwa majina mbele ya wageni wako wakubwa, na mgeni akiuliza fundi yuko wapi, mlete amshike mkono. Usimpangie mtu atakachotaka ili upate sababu ya kumnyima. Na kama umekwisha kukosea, vuka leo, hata kama maneno hayajakaa sawa mdomoni.

Mungu abariki mikono yako na duka lako, akupe wateja wenye shukrani, na akupe watu wa kukutania ukianza kujiona mkubwa. Nakuombea uwe nao karibu, na uwaone.

Mimi wangu nilikuwa naye hatua kumi tu kutoka mlangoni. Ile "sawa" niliyomwambia Nyabuto ilinigharimu miaka sita ya mjomba Ombasa, na alipoirudisha nyundo yake kwangu, alikuwa amebakiwa na nguvu za jiwe moja.