Hotuba Yangu ya Ukweni

Mimi, mwalimu wa jiografia, Mmatengo wa mlimani, ndiye niliyepanga safari ya kumpeleka binti yetu Kolumba ng'ambo ya ziwa, Nyasaland, kwa wakwe tusiowahi kuwaona. Lori mpaka Mbamba Bay, kisha meli, tushuke kituo cha kwanza.

"Baba Kolumba, tuwaulize mabaharia," mke wangu alisema.

"Ramani naifundisha mimi!"

Meli ikatia nanga, tukashushwa kwa mtumbwi pamoja na jogoo wetu wa zawadi. Ufukweni watu walizungumza Kinyasa, kama nilivyotarajia. Mzee mmoja alikuwa amesimama pale. Nikajua ndiye mkwe. Nikapiga magoti, shikamoo, nikamkabidhi jogoo, nikaanza hotuba niliyoikariri wiki nzima. Alinisikiliza kimya, maana mgeni aliyepiga magoti hakatizwi. Nyuma yangu meli ikapiga honi. Sikugeuka.

Nilipomaliza, akaniinua taratibu.

"Karibuni sana, mwanangu. Ila hapa ni Liuli, bado Tanganyika. Nyasaland ndiko inakokwenda ile meli."

Nikageuka. Ziwani nikaona moshi tu.

Mke wangu hakunitazama. Alimnyooshea mzee mikono miwili, kwa heshima zote, akamwomba amrudishie jogoo.